Keko Haisubiri Ndege

Kuna imani iliyokaa vichwani mwa watu wa Dar es Salaam, na imekaa muda mrefu kiasi kwamba siku hizi hakuna anayehangaika kuitetea; inasemwa tu, kama jambo lililokwisha kuamuliwa. Imani yenyewe ni kwamba kitu cha kutengenezwa kwa mkono ni mali ya watalii. Kinyago ni cha Mzungu. Kikapu cha ukili ni cha Mzungu, au cha bibi kule kijijini. Picha ya Tingatinga ni zawadi ya kumfungashia mgeni anayeondoka. Nyumba ya mtu aliyejipata, iwe Mbezi au Mbagala, Sinza au Tandika, hupambwa na kontena lililoshuka bandarini. Ukimuuliza mwenye nyumba sababu, atakujibu kwa maneno ambayo kila fundi wa jiji hili ameshayasikia: "Bongo hakuna finishingi."

Naipinga imani hiyo, na naipinga yote, si nusu yake. Siipingi kwa kuwahurumia mafundi. Huruma haijawahi kumfundisha seremala kuunga mbao. Naipinga kwa sababu si kweli, na kwa sababu imeziharibu sanaa zetu na nyumba zetu kwa wakati mmoja.

Tuanzie Temeke, maana huko ndiko imani hii inakoumbuka mchana kweupe. Pita Keko siku yoyote ya kazi. Fremu za makochi zimepangwa hadi ukingoni mwa barabara zikisubiri sponji na kitambaa. Vitanda vya mninga na mkongo vimeegemezwa ukutani. Kijana ameinamia ubao wa kichwani mwa kitanda, anachonga shada la maua kwa patasi, na hakuna karatasi ya kielelezo mbele yake. Mchoro anao mkononi. Vumbi la msasa limetanda kila mahali na harufu ya vanishi inakufuata hadi kituo cha daladala. Sasa niambiwe, mtalii wa hapa ni yupi? Mgeni hawezi kupandisha kitanda cha futi sita kwa sita kwenye ndege. Wanaonunua Keko ni mwalimu wa Mbagala aliyemaliza kupaua vyumba viwili, ni binti wa Yombo anayetarajia kuolewa, ni mtu wa Kigamboni aliyevuka maji na vipimo vya sebule yake mfukoni. Soko zima limesimama juu ya fedha za wakazi wa jiji hili, na halijapata kumngoja mgeni ashuke uwanja wa ndege ndipo liuze.

Rudi sasa na yule mwenye nyumba asemaye kwamba hana kitu cha mikono ndani kwake. Makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma ambavyo mkewe au dada yake alivifuma jioni kwa jioni. Nondo za madirisha zimepindwa maua na fundi wa kuchomelea aliyechora muundo kwa chaki chini, akazikunja nondo kufuata chaki. Geti lina jua linalochomoza au mikuki iliyopambwa, kila mtaa na mtindo wake. Ukuta wa uani una matofali ya urembo yanayopitisha upepo, yaliyofyatuliwa kwa kalibu ya chuma. Dari ya jipsamu imefinyangwa na kijana aliyesimama juu ya meza siku nzima akiwa ameinua shingo. Mtu huyu anaishi ndani ya kazi ya mikono toka kizingiti hadi paa, ila amefundishwa kutoiona, kwa sababu amefundishwa kwamba sanaa ni kile tu anachonunua mgeni.

Uvuke jiji sasa uende Kinondoni, mpaka Mwenge, kwenye soko la vinyago. Hapa napenda kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo hasara inapoonekana.

Uchongaji wa Kimakonde tunaoujua leo ulikua Dar es Salaam. Wachongaji wengi walitoka upande wa Msumbiji, wengine wakipitia mashamba ya mkonge, wakafika mjini na tezo zao na gogo la mpingo. Katika miaka ya 1950 walikutana na mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi, Mohamed Peera, aliyenunua kazi zao na kuwahimiza wazidi kuthubutu. Kutoka kwao ikaja mitindo miwili ambayo dunia nzima inaihusisha na Tanzania. Samaki Likankoa akawapa umbo mashetani, viumbe vya jicho moja na masikio yaliyonyooka, vilivyotobolewa katikati hadi mwanga ukapita. Roberto Yakobo Sangwani akachonga nguzo ya watu wanaobebana, mtindo ambao baadaye ukaitwa ujamaa. Hao walikuwa watu wanaobuni. Walimshangaza mnunuzi, na hawakumwuliza kwanza anataka nini.

Tembea vibandani leo. Mafundi wakubwa bado wapo, nami nawaheshimu, lakini kwa kila kazi moja yenye roho utakuta rafu nzima za tembo wanaofanana, twiga wanaofanana, Wamasai wembamba wenye mikuki. Utakuta pia mti laini uliopakwa kiwi cha viatu ukaitwa mpingo. Ulaghai huo hauwezi kuishi kwenye soko ambalo mnunuzi anarudi. Jaribu kumwuzia mama wa Temeke kitanda cha msonobari kilichopakwa rangi ukamwambia ni mninga: kabla ya wiki kwisha utakuwa naye mlangoni, pamoja na shemeji zake na mjumbe wa nyumba kumi. Mtalii amepanda ndege. Harudi, halalamiki, halali juu ya kitu alichonunua, na watoto wake hawakirukii. Fundi anayemhudumia mteja wa namna hiyo mwaka baada ya mwaka hana anayemsahihisha, na fundi asiyesahihishwa hudumaa hata akiwa na kipaji cha Likankoa.

Najua jibu linalonisubiri. Nitaambiwa kwamba bila wageni hizo sanaa zisingekuwapo, na mfano utakuwa Edward Saidi Tingatinga. Ni mfano mzuri, kwa hiyo tuuchukue kwa uzito wake. Tingatinga, mwana wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968. Alitumia alichokikuta: ubao wa masonite, ule wa kugongea dari, na rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli. Akaweka picha zake Morogoro Stores, Oysterbay, na ni kweli kwamba walionunua zaidi walikuwa wageni waliokaa maeneo hayo. Aliuawa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine, akaacha wanafunzi wachache, wengi wao ndugu zake, na mwaka 1990 ukaundwa ushirika unaobeba jina lake. Yote hayo nayakubali. Lakini tazama vifaa vyake tena. Ubao ulikuwa wa dari zetu, rangi ilikuwa ya baiskeli zetu, na wanyama wale walitoka kwenye hadithi na mapori ya kwao. Kila kitu ndani ya picha ile kilikuwa chetu isipokuwa ukuta wa kuitundika. Ukuta tuliwaachia wengine. Matokeo yake ni kwamba ubao wa mraba wa kama futi mbili, wenye mnyama mmoja aliyejaa nafasi yake kwa utulivu, umezaa maelfu ya picha ndogondogo za kuingia kwenye sanduku la safari, na twiga akapunguzwa kwa kipimo cha mzigo wa abiria. Mgeni alikuwa mnunuzi mwema. Kosa ni letu tuliokataa kuwa wanunuzi kabisa.

Na yule mgeni anaweza asije. Mwaka 2019 Tanzania ilipokea watalii zaidi ya milioni 1.5. Mwaka 2020, korona ilipofunga anga, walishuka hadi kama 620,000. Vibanda vya vinyago vilikaa na vumbi. Keko watu waliendelea kuoa, kuhama na kujifungua, na kila jambo katika hayo linataka kitanda.

Wengine watadhani nataka tufunge bandari. Sitaki. Mtu wa pwani anayechukia kitu cha nje hajui historia ya pwani. Nenda Kunduchi, humohumo Kinondoni, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya zamani. Makaburi yale yana nguzo, na mafundi walizipamba kwa mabakuli na sahani za kauri kutoka China. China haikuanza Kariakoo. Ila angalia namna mababu walivyoipokea: bakuli liliingizwa kwenye chokaa na matumbawe yaliyochimbwa na kuchongwa hapa, na likawekwa pale fundi wa hapa alipoona linafaa. Kaskazini, kwenye majumba ya Lamu na Pate, mafundi walichonga zidaka ukutani, safu juu ya safu, na kauri za kigeni zikapangwa ndani yake. Chombo cha nje kilikuwa kito ndani ya kazi ya mwenyeji. Sisi tumegeuza mpangilio: ndani ya nyumba kila kitu cha nje, na kazi ya mwenyeji, kama ipo, ni kinyago kimoja juu ya kabati la televisheni, kilicholetwa na shemeji kutoka Arusha.

Siku hizi mtu akitaka mawazo ya kupamba nyumba anafungua simu. Anapitisha picha nyingi, anachagua moja, anampelekea fundi: "Nataka kama hii." Picha imepigwa kwenye nyumba ya nchi ya baridi. Zulia ni la manyoya, kochi ni zito la ngozi, pazia ni nene la kuzuia upepo. Sisi upepo wa bahari ndio tunaoutafuta. Februari ikifika, ngozi ya bandia inanata mgongoni, na zulia lile linameza vumbi la mtaa usio na lami mpaka watoto wanakohoa. Picha haijui kitu kuhusu joto letu, na wala haijui vyumba vyetu. Nyumba nyingi za Uswahilini, kutoka Mwananyamala hadi Tandika, zina ramani inayojulikana: baraza mbele, korido katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Familia imepanga chumba kimoja au viwili. Seti ya makochi ya watu saba ikiingia humo, watu wanapita kwa ubavu.

Hapo ndipo ubunifu wa kweli unapohitajika, na upo. Fundi wa mtaa anakuja na futi yake, anapima, anauliza mnalala wangapi na vyombo vinakaa wapi. Anatengeneza kitanda chenye droo chini. Anatengeneza benchi linalofunguka juu likawa sanduku la nguo, na kabati jembamba linalogawa chumba mahali ambapo palikuwa na shuka lililotundikwa kwenye kamba. Wazee wa pwani walikuwa na kitanda cha kusukwa kwa kamba, teremka tukaze, kilichopitisha hewa chini ya mgongo wa mlalaji usiku wa joto. Nani amekaa na seremala wa leo akamwambia aliunde upya wazo hilo kwa fremu ya mkongo na kamba imara? Nimeona kijana mmoja wa Temeke akifanya hivyo kwa kiti cha barazani, na kiti kile ni kizuri kuliko chochote kilicho kwenye maduka yenye viyoyozi.

Niseme pia habari ya mkeka, kwa sababu hakuna kitu kilichodharauliwa kama mkeka. Majani machanga ya mkindu yanakatwa, yanakaushwa, yanachanwa kwa upana mmoja, yanatiwa rangi kwenye sufuria linalochemka. Halafu mwanamke anasuka ukili, utepe wa vidole vichache unaoendelea mpaka unakuwa mzingo mkubwa, na ndipo anaushona ukingo kwa ukingo, akihesabu kichwani ili mistari ya rangi ikutane pale anapotaka ikutane. Kazi hiyo inafanyika Mafia, Rufiji, Kilwa, Unguja na Pemba, na kwa wanawake wengi walioleta mikono yao Mbagala na Temeke kutoka huko. Mkeka ni baridi kwa mwili, unakunjwa na kusimamishwa kona, ukikatika mshono unashonwa. Maiti ikiwa ndani, tunakaa juu ya mkeka. Maulidi ikisomwa, tunakaa juu ya mkeka. Bibi harusi anatandikiwa mkeka. Yaani katika saa nzito kuliko zote za maisha yetu tunauamini, kisha siku ya kupokea wageni tunauficha nyuma ya mlango. Sasa mkeka wa plastiki umeingia madukani, nao umechukua mistari na rangi zilezile za ukili. Aliyeuchora kiwandani aliuona uzuri ambao mwenye nyumba wa Dar es Salaam anaambiwa ni ushamba.

Turudi kwenye finishingi, maana hoja hiyo ina ukweli ndani yake na sitaikwepa. Ndiyo, kuna droo za Keko zinazokwama masika. Kuna milango ya kabati inayopinda. Kuna mafundi wanaosema "njoo kesho" hadi mteja anachoka miguu. Lakini ulizeni chanzo. Mbao ya mninga inahitaji kupangwa kivulini kwa miezi ili ikauke, na kukausha mbao ni kulaza mtaji. Fundi mdogo hana mtaji wa kulaza. Anasubiri advansi ya mteja ndipo akimbilie kununua mbao, na ananunua iliyopo, ikiwa mbichi, kwa sababu mteja huyohuyo anataka kitanda ndani ya wiki mbili. Mbao inakauka ikiwa tayari ni droo, sebuleni kwa mtu, na droo inakwama. Mikono ya fundi haina hatia hapo. Jinsi tunavyoagiza na kulipa ndiyo inayoizalisha droo ile. Mteja anayekubali kusubiri, anayelipia mbao mapema na kuja kuziangalia zikiwa zimepangwa, anapata droo inayoteleza.

Na hicho cha kontena tunachokisifia finishingi yake, tukifungue. Chini ya karatasi inayong'aa ni unga wa mbao ulioshikamanishwa kwa gundi. Ukinyweshwa maji unavimba, na hili ni jiji ambalo Msimbazi unafurika na mabonde yake yanaingiwa na maji hadi magotini. Ukifungua skrubu ili uhame, zinarudi zikiwa hazishiki, na hili ni jiji la wapangaji wanaohama kila mkataba unapokwisha. Kitanda cha mninga kinafungwa kwa bolti, kinapanda juu ya guta, kinafungwa tena Tabata, tena Kimara, hatimaye Chanika kwenye kiwanja cha mwenyewe. Anayedai kwamba cha kontena ni nafuu aweke hesabu hiyo mezani.

Japani walipita njia hii kabla yetu. Viwanda vilipoanza kuyafukuza mabakuli na vikapu vya mikono, Yanagi Sōetsu na wenzake walisimama kusema kwamba uzuri mkubwa uko kwenye vyombo vya kila siku vilivyotengenezwa na mafundi wasiojulikana majina. Mwaka 1936 walifungua makumbusho ya vitu hivyo Tokyo. Sikitaji kitendo hicho ili tujenge makumbusho. Kijiji cha Makumbusho tunacho barabara ya Bagamoyo tangu miaka ya 1960. Ninachokitaka ni ile sehemu ya kwanza ya hoja yao, kwamba chombo kinachotumika ndicho kinachostahili jicho kali kuliko vyote.

Jicho hilo lianzie kwenye fedha za umma, kwa kuwa huko nguvu ya kuagiza ni kubwa kuliko ya familia yoyote. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Vikundi vingi vya wanawake vinachukua mkopo huo na kutengeneza batiki: nta inayeyushwa, kitambaa kinapigwa chapa kwa kibao, kinatumbukizwa kwenye rangi, kinachemshwa nta itoke. SIDO imekuwa ikifundisha viwanda vidogo tangu 1973. Chuo cha ufundi cha VETA kiko Chang'ombe, hatua chache kutoka Keko. Ufundi umefundishwa na mkopo umetolewa. Kisha mama wa kikundi anaambiwa asubiri Julai, akodi meza Sabasaba, avizie mgeni. Kwa nini? Ofisi za serikali zina madirisha yanayohitaji mapazia. Zahanati zina mabenchi ya kusubiria, shule zina meza za walimu, kumbi za mikutano zina kuta tupu zenye kalenda moja. Sheria ya ununuzi wa umma inataka asilimia 30 ya manunuzi itengewe makundi maalumu. Mwaka 2016 nchi ilipoamua kumaliza uhaba wa madawati, maseremala na wachomeleaji wa wilaya mbalimbali waliyatengeneza, na hakuna aliyeuliza kama mtalii atayapenda.

Basi halmashauri za Temeke na Kinondoni ziagize. Ziandike kwenye zabuni aina ya mbao, ukavu wake na muda wa kuikausha, zilipe advansi inayotosha kununua mbao hiyo mapema, na zirudishe kiti kinachoyumba. Pazia la ukumbi liwe batiki ya kikundi kilichokopeshwa na halmashauri hiyohiyo, na rangi ikichuja wanakikundi waitwe waeleze. Ukutani itundikwe Tingatinga ya ukubwa wa ukuta, ambayo haiwezi kuingia kwenye sanduku la mtu yeyote.